Tatizo Lililoizaa Bado Lipo?

Mhadhara kwa wanafunzi wa utengenezaji wa tovuti, Kisumu

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliotoka Maseno, Bondo, Kakamega na wengine hadi Eldoret kuja kukaa nasi Jumamosi hii hapa Kisumu, hamjambo na karibuni.

Waandaaji wameniambia swali linalorudi kila mara kwenye kikundi chenu cha WhatsApp ni hili: PHP, lugha ya kuandikia tovuti upande wa seva, bado inafaa kujifunzwa, au tutakuwa tunapoteza muda? Likishajibiwa hilo huja la jQuery, ile maktaba ya JavaScript, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa ambao unauazima, halafu la WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, halafu mtu anataja AngularJS, fremuweki ya Google, yaani kiunzi cha kujengea kurasa, na mabishano yanaanza upya. Sitawazungusha. PHP, ndiyo, jifunzeni. jQuery, jifunzeni kuisoma, lakini msijenge kitu kipya juu yake. AngularJS ile ya kwanza, hapana, isipokuwa kazi imewalazimu. Flash, ile ya video na michoro inayotembea kwenye vivinjari vya zamani, ilishazikwa. Hayo ni majibu yangu ya leo, na miaka michache ijayo baadhi yake yatakuwa yamepitwa. Kwa hiyo muda uliobaki nataka kuwaonyesha ninavyoyafikia, ili siku nyingine mjijibu wenyewe bila kunisubiri mimi wala mtu wa YouTube.

Tuna methali mbili zinazogombana. Moja yasema kipya kinyemi ingawa kidonda, nyingine yasema ya kale ni dhahabu. Katika mabishano ya teknolojia kila upande hushika yake na kumpigia mwenzake, na wote wawili wanapima kitu kilekile, yaani umri. Umri hautoshi. SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, ilianzia kwenye maabara za IBM mwaka 1974, na sijasikia mwanafunzi akiuliza kama imezeeka. Anajua tu kwamba bila hiyo hapati kazi. AngularJS ilitoka mwaka 2010, na Google wakaacha kuihudumia mwisho wa mwaka 2021. Mzee yuko kazini, kijana kastaafu.

Ninachouliza mimi ni hiki: ni tatizo gani lililoizaa teknolojia hii, na je, tatizo hilo bado lipo hapa ninapofanyia kazi?

Tuichukue jQuery. Rudini mwaka 2006, wengi wenu mkiwa bado mnabebwa mgongoni. Vivinjari havikuwa vinaelewana. Ukitaka kitufe kisikie kinapobonyezwa, Firefox ilikutaka uandike addEventListener, Internet Explorer ikakutaka uandike attachEvent. Ukitaka ukurasa uombe data kwenye seva bila kujipakia upya, kila kivinjari na mlango wake. Mwanaprogramu aliandika kazi moja mara mbili, mara tatu, na bado mteja alimpigia simu kumwambia kwake haifanyi kazi. John Resig akatoa jQuery mwaka huo huko New York, maktaba ndogo iliyokuambia: wewe sema unachotaka, ugomvi wa vivinjari niachie mimi. Ukiandika

$('#kaunti').on('change', pakiaKaunti);

orodha ya kaunti ikibadilishwa, kazi inafanyika, awe mtumiaji yuko kwenye kivinjari gani. Kwa watu waliokuwa wakiteseka, hiyo ilikuwa faraja kubwa.

Sasa angalieni lililotokea baadaye. Vivinjari vyenyewe vikakubaliana. querySelector ya kutafuta kitu kwenye ukurasa ikaja, fetch ya kuomba data kwenye seva ikaja, JavaScript ikapanuliwa sana mwaka 2015. GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, wakaiondoa jQuery kwenye kurasa zao mwaka 2018. Bootstrap, ile ya kupambia kurasa, toleo la 5, mwaka 2021, likaacha kuitegemea. Tarehe 15 Juni 2022 Microsoft wakaistaafisha Internet Explorer yenyewe. Tatizo lililoizaa jQuery limekwisha, na limekwisha kwa sehemu kubwa kwa sababu jQuery ilionyesha njia, vivinjari vikaifuata. Hakuna aibu hapo. Ilimaliza kazi yake.

Lakini tatizo kwisha si sawa na msimbo kutoweka. WordPress huja na jQuery ndani yake. Ukihesabu tovuti zinazojulikana duniani, takriban 70 kati ya kila 100 bado zinaipakia. Mtu wa duka pale Oginga Odinga Street akikupigia kwamba picha za bidhaa zake hazifunguki, uwezekano mkubwa ukifungua faili utakutana na alama ya dola. Usipoweza kuisoma utamwambia tujenge upya kila kitu, naye hana hela ya kujenga upya, na atatafuta mtu mwingine. Wiki moja ya kuisoma inakutosha kama JavaScript unaijua. Na nasema kwanza JavaScript. Aliyeanzia kwenye jQuery hajui ni kipi cha lugha na kipi cha maktaba, na siku akiondolewa maktaba anabaki mikono mitupu.

Sasa PHP, maana hii ndiyo inayowagawa.

Mwaka 1994 Rasmus Lerdorf alitaka kujua ni nani anayetembelea wasifu wake wa kazi mtandaoni. Akajiandikia vijiprogramu, na Juni 1995 akavitoa hadharani. Tatizo lake lilikuwa dogo na la wazi: nataka ukurasa unaobadilika, na nataka uwe rahisi kuuweka. Ombi linapofika kwenye seva, PHP inaamka, inasoma faili, inazungumza na hifadhidata, inarudisha ukurasa, kisha inasahau yote. Ombi lijalo inaanza upya. Ni kwa sababu ya kusahau huko seva moja inaweza kubeba tovuti za mamia ya wateja wadogo, kila mmoja akilipa kidogo kwa mwaka, maana tovuti isiyotembelewa na mtu saa nane usiku haishikilii chochote. Programu ya Node, yaani JavaScript inayoendeshwa kwenye seva, kwa mfano, hutaka iwe hai muda wote, na mara nyingi hutaka seva ambayo bili yake inakuja kila mwezi, kwa dola.

Tatizo la Lerdorf bado lipo hapa kwetu? Tokeni nje. Mwenye hardware pale Kibuye anataka bei zake za mabati zionekane. Shule ya bweni kule Ahero inataka mzazi aone salio la karo. Mama mwenye nyumba ya wageni karibu na Dunga anataka mgeni alipe kabla hajafika. Wote hawa wanataka ukurasa, hifadhidata, malipo ya M-Pesa, na bili wanayoweza kuimeza. Mteja akibonyeza kulipa, tovuti yako inaomba kwa Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, simu ya mteja inatokeza ombi la PIN, na malipo yakipita Safaricom wanatuma taarifa kwa JSON, maandishi yenye mpangilio ambao programu inausoma, kwenye anwani uliyowapa. Faili moja la PHP linaamka, linapokea, linaandika kwenye hifadhidata, linalala. Kwa kazi ya ukubwa huo sijaona kitu kinachofika haraka zaidi mikononi mwa mwenye duka.

Na lugha yenyewe haijalala. Toleo la 7.0, Desemba 2015, lilikuwa na kasi ya karibu mara mbili ya lililotangulia katika kazi nyingi. Toleo la 8.0 lilitoka Novemba 2020, na tangu hapo kila mwaka panapokaribia kufungwa hutoka jingine. Kila toleo sasa lina miaka miwili ya marekebisho ya kawaida na miwili zaidi ya viraka vya usalama. Mwaka 2021, mmoja wa wachangiaji wake wakubwa alipoamua kuelekea kwenye kazi nyingine, kampuni zinazoitegemea ziliungana na kuanzisha PHP Foundation ili waandishi wa lugha walipwe, isije ikategemea mtu mmoja. Mkitaka kujua kama teknolojia inayozeeka ina wenyewe, tazameni mambo ya namna hiyo: matoleo yanatoka lini, na mshahara wa anayeyatoa unatoka wapi. Wikipedia inaendeshwa kwa PHP. WordPress, iliyobeba zaidi ya 40 kati ya kila 100 ya tovuti duniani, ni PHP. Moodle, mfumo wa masomo mnaofanyia kozi zenu chuoni, ni PHP.

Hatari iko kwingine, na hapa naomba mnisikilize vizuri. PHP ina miaka 30 ya mafunzo yaliyotapakaa mtandaoni, na mengi yamezeeka kuliko PHP yenyewe. Mtu anatafuta namna ya kumtafuta mwanachama wa sacco kwenye hifadhidata, anapata somo la zamani lenye mstari huu:

$jibu = mysql_query("SELECT jina, akiba FROM wanachama WHERE namba = '$namba'");

Tuusome polepole. $namba imetoka kwenye fomu, mtu wa nje ndiye aliyeiandika. Akiandika 4471 hakuna shida. Lakini akiandika

' OR '1'='1

nukuu ya kwanza inafunga ile uliyoifungua wewe, na hifadhidata inasoma: nipe wanachama ambao namba yao haina kitu, au ambao moja ni sawa na moja. Moja ni sawa na moja siku zote. Ukurasa unamwaga majina na akiba za sacco nzima mbele ya mtu asiyemjua yeyote. Akiba za watu, jamani. Pesa za mama aliyeuza omena mwaka mzima. Na tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data, kwa hiyo hilo si kosa la kiufundi peke yake.

Njia sahihi ni hii:

$swali = $pdo->prepare('SELECT jina, akiba FROM wanachama WHERE namba = ?');
$swali->execute([$namba]);

Alama ya kuuliza inashika nafasi. Amri inaandikwa peke yake, data inatolewa kando, na chochote mtu atakachoandika kitabaki kuwa namba ya uanachama isiyopatikana. Haiwezi kugeuka kuwa amri. PDO, njia hii ya PHP ya kuzungumza na hifadhidata, ilikuja na toleo la 5.1, mwaka 2005. mysql_query ikaondolewa kabisa kwenye 7.0. Dawa ipo miaka mingi kuliko umri wa baadhi yenu, na bado somo lenye ugonjwa linapatikana ukitafuta, kwa sababu halina aliyelifuta.

Kwa hiyo mkiamua kujifunza teknolojia ya zamani, chagueni somo kwa ukali kuliko mnavyoichagua teknolojia. Mkiona mysql_query, fungeni ukurasa huo. Mkiona nywila zinahifadhiwa kwa md5, njia ya zamani ya kuzificha ambayo huvunjwa kirahisi, fungeni. Password_hash, kazi ya PHP ya kuhifadhi nywila kwa usalama, ipo tangu mwaka 2013. Mkiona somo zima halijataja Composer, kifaa cha kuletea maktaba za PHP, mwandishi wake aliacha kufuatilia zamani. Anzeni kwenye mwongozo rasmi wa PHP, kisha fremuweki za PHP kama Laravel au Symfony, ambako tabia njema zimeshawekwa njiani ukiwa unapita. Na msidhani akili bandia itawaokoa hapo. Nayo imesoma mafunzo yaleyale, mapya kwa makuukuu, na ukiiuliza ovyo inaweza kukurudishia msimbo wa mwaka 2008 kwa sauti ya mtu anayejiamini.

Flash nitaipitia upesi. Tatizo lililoizaa lilikuwa kweli: vivinjari havikujua video wala michoro inayotembea. HTML5 ikalitatua. Lakini Flash ilikuwa na ugonjwa wa pili, kwamba mmiliki wake alikuwa mmoja. Adobe walipoamua mwisho wake uwe tarehe 31 Desemba 2020, hapakuwa na jamii ya watu wa kuiendeleza kwa njia rasmi. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, ambayo baadhi ya fomu zake za kodi zilikuwa bado za Flash, ililazimika Januari 2021 kutoa kivinjari chake yenyewe ili watu waendelee kuzijaza. Kwa teknolojia yenye mmiliki mmoja, mjifunze pia kumsoma mmiliki.

Nataka tukae kidogo kwenye mfano wa nyumbani, kwa sababu hatuujui vya kutosha ilhali ni wetu. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta, kwa Microsoft Access, programu ya hifadhidata ya ofisi ndogo. Kisha AMPATH, mpango wa kuhudumia wagonjwa wa VVU, ukakua pale Eldoret, wagonjwa wa VVU wakawa maelfu, kila mmoja akirudi tena na tena kwa miaka, na Access ikaelemewa. Mwaka 2004 watu wa Eldoret na wenzao wa Taasisi ya Regenstrief, Marekani, wakaanza kubuni mfumo mpya, ukiwa wa lugha ya Java na hifadhidata ya MySQL, unaoonekana kupitia kivinjari. Ni OpenMRS hiyo. Ilianza kazi Eldoret mwezi Februari 2006, na leo iko katika nchi nyingi. KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa mnaouona kwenye hospitali zetu, umejengwa juu yake.

Kurasa za mwanzo za OpenMRS ni JSP, yaani kurasa zinazotengenezwa na Java kwenye seva, na baadaye jQuery ikaingia. Toleo la OpenMRS 3 limeandikwa kwa React, maktaba ya JavaScript ya kujengea skrini. Ukiangalia skrini tu utasema ni mifumo miwili isiyojuana. Lakini shuka chini kwenye hifadhidata: mgonjwa yupo, ziara yake ipo, na kila kilichopimwa katika ziara hiyo kinakaa kwenye jedwali linaloitwa obs, uzito ukiwa mstari mmoja, urefu mstari mwingine, kila mmoja ukielekezwa kwenye kamusi ya dhana inayosema kipimo hiki maana yake nini. Ubunifu huo ndio uliomwezesha daktari kuongeza kipimo kipya bila mtu kubadilisha jedwali. Umepita salama kutoka JSP hadi React. Aliyeuelewa vizuri mwaka 2006 anaweza kukaa kwenye kiti chake leo, akajifunza React kwa miezi, akaendelea. Aliyekariri JSP tu, bila kujua kwa nini uzito wa mtoto umewekwa pale ulipowekwa, huyo kweli alizeeka pamoja na JSP.

Inaniuma ninapomwona kijana mwenye akili nzuri ameacha mfumo wa PHP aliokuwa anauelewa, ameruka kwenye fremuweki, kisha nyingine, kila moja kwa mwezi, kwa kuogopa kuchekwa. Hajamaliza hata mfumo mmoja unaotumiwa na mtu. Simkatazi React. Kazi nyingi za mbali zinaitaka, na atakayeipata asiiache. Ila mteja wenu wa kwanza hayuko San Francisco, yuko hapa Kondele, na hatauliza umeandika kwa lugha gani. Atauliza kwa nini malipo ya jana hayaonekani. Kuweza kumjibu hilo kunataka ujue HTTP, lugha ya kivinjari na seva, inavyosafiri, hifadhidata inavyofunga muamala, na logi za seva, yaani rekodi za yaliyotokea, zinasomwaje. Mambo hayo matatu mtayapata ndani ya PHP, na mtaondoka nayo kwenda popote.

Nipokee maswali. Dada yangu pale nyuma.

Ameuliza: vipi kama shule yetu imeshaamua, na mtaala una teknolojia ambayo tatizo lake limekwisha? Fanya mtihani wao, upite, usigombane na mwalimu. Halafu katika kila zoezi tenga jioni moja ulitengeneze upya bila maktaba hiyo. Wakikupa zoezi la jQuery, lirudie kwa JavaScript tupu. Utajua maktaba ilikuwa inakufanyia nini, na utakuwa umejifunza viwili kwa karo moja.

Kijana mwenye shati jeupe anasema mwezi ujao anaanza atachimenti kwenye ofisi yenye mfumo wa PHP 5.6, na anaogopa kupoteza miezi mitatu. Mwanangu, nenda. Viraka vya usalama vya 5.6 vilikoma tarehe 31 Desemba 2018, kwa hiyo mfumo huo unahitaji mtu zaidi ya unavyodhani. Siku ya kwanza usiguse kitu. Omba nakala ya hifadhidata na ya mafaili, na uzifufue kwenye mashine nyingine uone kama zinafanya kazi, maana ofisi nyingi zina nakala ambazo hazijawahi kujaribiwa. Yaweke mafaili kwenye Git, programu inayotunza kila badiliko la msimbo. Kisha tafuta kila mahali palipoandikwa mysql_query, uhesabu, umpelekee msimamizi wako idadi hiyo kwa maandishi pamoja na ule mfano wa nukuu niliouonyesha. Akikuruhusu, anza na ukurasa wa kuingilia, faili kwa faili, ukijaribu kila moja kwenye ile mashine ya pembeni kabla ya kuipeleka kazini, na useme ukweli ukivunja kitu. Kupandisha toleo la PHP kuje baada ya hapo, si kabla. Ripoti za mwisho wa mwezi ziache za mwisho, na usizibadilishe mpaka ukae na mhasibu anayezitumia, mkiwa na ripoti ya zamani na mpya mezani, mlinganishe jumla moja moja.